Jina Lililotajwa Kliniki

Jiwe jingine lilipoanguka juu ya bati, Noelene alikuwa bado amesimama katikati ya jiko, kikombe cha chai mkononi, akiogopa hata kukiweka mezani kisije kikalia. Ilikuwa asubuhi, jua la jangwani limeshakolea. Nje gari lilipita polepole, likapiga honi, na sauti ya mwanamke ikapaa: "We nazi! Toka nje tukupasue, tuuone huo weupe wa kizungu ulio ndani!" Wenzake wakaangua kicheko. Noelene aliijua kila sauti iliyokuwa ndani ya kicheko kile.

Laiti wangekuwa watu baki! Mtu baki akikutukana unafunga mlango, unamwita polisi, unalala. Lakini hawa walikuwa mabinti wa mama zake wakubwa na wadogo, waliokula naye kangaruu aliyechomwa kwenye jivu moja na kulala naye blanketi moja. Walijua dirisha lipi halifungi. Walijua hata kwamba yeye akiogopa huwa hakimbii, huganda tu.

Kosa lake lilikuwa hili. Juzi, pale kliniki alipokuwa amepewa usimamizi wa wahudumu wenzake, alifungua mlango na kumwita mgonjwa wa kwanza kwa jina lake kamili, kama afanyavyo kila siku. Bibi mmoja akapiga yowe. Wengine wakaziba masikio. Jina hilohilo lilikuwa la mama yake mdogo, aliyefariki alfajiri ile katika hospitali ya mjini, na kwao jina la marehemu halitajwi. Yeyote aliye hai mwenye jina hilo huitwa Kumanjayi mpaka miaka ipite na vidonda vipoe. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Noelene hakuwa na habari ya msiba, na alipoapa kwamba hana, waliguna.

Mpaka jioni maneno yalikuwa yametiwa chumvi hadi basi. Alijua, alifanya makusudi. Cheo kimemlevya. Anapeleka siri za wagonjwa kwa wazungu. Yeye ndiye aliyemnyima marehemu gari la wagonjwa. Hili la mwisho ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu kifo kikishatafutiwa mkosaji, mkosaji hupatikana.

Alishtuka mlango wa nyuma ulipogongwa. Alikuwa mjomba wake, mzee Japanangka, kofia mkononi.

"Mwanangu, matangani mahali pako pako wazi. Wanawake wanapatazama."

"Wataniua, mjomba."

"Kukupiga watakupiga, sikufichi. Lakini usipotokea, ndiyo umekiri. Watasema umemla mama yako mdogo."

"Jamani, nilikuwa sijui! Hakuna aliyeniambia!"

Mzee akamkazia macho. "Hukuambiwa? Tulimtuma Rhonda, hata jua halijachomoza. Akarudi akasema amekuambia, na umelia sana."

Noelene akakaa chini. Rhonda! Binti wa mama yake mkubwa, aliyeomba kazi ile ile akaikosa, kisha akaja kumpongeza kwa keki. Hasira ilimpanda. Akaiona sentensi moja tu ambayo angeitamka pale matangani, na fimbo zote zilizokuwa zikimngoja zimgeukie Rhonda. Akamwona Rhonda anavyotambaa mchangani. Picha ile ilimpendeza, na kule kumpendeza kukamwogofya kuliko mawe.

"Twende," alisema, "kabla miguu haijabadili mawazo."

Kambi ya msiba ilikuwa ng'ambo ya mto mkavu. Mjomba aliishia upande wa wanaume. Zaidi ya pale hakuwa na ruhusa. Noelene akaenda peke yake. Wanawake walikuwa wameketi chini, miili imepakwa udongo mweupe. Kila anayefika hupokewa kwa kilio, akakumbatiwa mmoja baada ya mmoja. Yeye alipofika, kilio kilikatika.

Rhonda alikuwa amesimama, fimbo ya kupigania mkononi. "Amekuja, bibi mkubwa wa kliniki! Umeleta jina gani leo?"

"Nyamaza," alisema mama mkubwa Napanangka, dada wa marehemu, bila kupaza sauti. Akamgeukia Noelene na kumwita kwa jina la ukoo, ambalo ni la Rhonda pia. "Nakamarra, uliambiwa au hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, mama."

"Nani alitumwa kwako?"

Noelene akamtazama Rhonda. Macho yale yenye hofu aliyajua: ndiyo aliyoyaona yeye kwenye kioo asubuhi, na asubuhi ya kabla yake. Kumbe naye alikuwa hapati usingizi. Angeweza kunyamaza amsitiri. Lakini akinyamaza, kesho watampasua mwingine kwa uongo mwingine.

"Alitumwa huyu, Nakamarra mwenzangu. Kwangu hakufika."

Loo, yowe lililotoka! Fimbo zikanyanyuka, za wale wale waliokuwa wakicheka garini. Noelene hakumbuki miguu yake ilimpelekaje. Alijikuta amesimama mbele ya Rhonda, mikono ameitanua, mgongo amempa yeye.

"Atakayempiga aanze na mimi," alisema, na sauti ilimtetemeka hadi akaona aibu. "Tumechoka kupigana sisi kwa sisi. Mama yetu bado hatujamlilia vizuri."

"Toka hapo," Rhonda alinong'ona nyuma yake. "Nani kakuomba? Usijitie wema hapa."

"Sijitii. Naogopa tu."

"Fimbo bado ninayo."

"Najua, dada."

Hakuna aliyeishusha fimbo yake. Jasho lilimtiririka Noelene kutoka kwapani mpaka kiunoni. Kisha mama mkubwa Napanangka, pale pale alipoketi, akaanza kulia, sauti nyembamba na ndefu. Mwanamke mmoja akaidaka. Mwingine akaidaka, fimbo ingali juu. Kilio kikawazunguka, na Noelene naye akafungua kinywa, akalia kwa nguvu zake zote, huku mgongo wake wote ukisikiliza. Sauti ya Rhonda tu ndiyo ilikuwa bado haijasikika.