Mashine Yenye Umbea

Skrini ilikuwa ukutani sebuleni, kati ya picha ya harusi na swichi ya taa, na binti aliyeitengeneza alisimama kando yake kama mzazi anayesubiri watu wamsifie mtoto.

Baba mdogo alikuwa amemwalika rafiki yake, mwenye nyumba za kupangisha, ambaye wote walimwita Magorofa, aje na mkewe waone nyumba inavyoendeshwa kwa kidole. Magorofa alikuwa anamalizia jengo jipya. Angependezwa, binti angepata kazi kubwa ya kwanza tangu atoke chuoni.

"Haya Injinia," baba mdogo akasema, "mwonyeshe huyu bwana. Yeye simu anaijulia kupiga tu."

"Na kukata," Magorofa akajibu. "Ila mimi nina swali moja. Vitu hivi si ndivyo vinavyopeleka habari za watu huko kwenye makampuni?"

Binti alikuwa mtu wa haya, lakini kwa swali hilo ulimi wake ulifunguka. Alifungua kabati chini ya televisheni, akawaonyesha kikompyuta kisichozidi kiganja. "Kila kitu kinaishia humu. Hata mtandao ukikatika, taa zinawaka. Hakuna kampuni inayojua mnaamka saa ngapi. Habari za nyumba hii hazitoki nje."

Ni maneno yale yale aliyombembeleza nayo mama mdogo, aliyekuwa amekataa katakata vitu hivyo visiingie kwake.

"Na kila mtu anachagua anachotaka kukiona," akaendelea. "Mama amechagua geti na maji ya tangi. Baba amechagua umeme, ili ajue nani kaacha pasi inawaka."

"Ni wewe," baba mdogo akasema.

Wakacheka. Binti, akiwa amenogewa, akagusa sehemu ya umeme. Mistari ya wiki nzima ikapanda kwenye kioo, na mmoja ukawa mrefu kuliko wenzake kila asubuhi.

"Mnaona? Nyumba yenyewe inasema nani anakula umeme. Huu ni wa mashine ya kufulia. Kila siku alfajiri, kabla hatujaamka. Hata leo."

"Kila siku?" Baba mdogo akamgeukia mkewe. "Mwenzangu, umefungua udobi hukuniambia?"

"Labda anafua dhambi," mke wa Magorofa akadakia, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Mama mdogo naye alicheka, ila alichelewa kidogo. "Vitambaa," akasema. "Vitambaa vya jikoni." Kisha akainuka kwenda kuleta chai, na vikombe vya watu bado vilikuwa vimejaa.

Hapo ndipo binti alipoelewa, na kicheko kikamkauka mdomoni. Mama mdogo alikuwa amehamia chumba kidogo cha uani, eti kwa sababu baba mdogo anakoroma. Godoro la humo lilikuwa bado na nailoni yake. Binti alishawahi kulikalia, nailoni ikalia chini yake, akashangaa kwa nini haijatolewa. Na yeye binti alizijua shuka za alfajiri. Alipoletwa katika nyumba hii akiwa hana mama, alikojoa kitandani mpaka akawa msichana mkubwa wa shule. Mama mdogo alibadilisha shuka kimyakimya, na hakuwahi kulitamka jambo hilo, hata siku alizokasirika akatamka mengine yote.

Leo yeye alikuwa amesimama mbele ya wageni akimwaga mtama, tena kwa madaha.

Magorofa aliaga akiwa ameridhika. "Jumamosi narudi tupange kazi," akasema. Binti aliitikia huku akitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mama mdogo uani, ameinamia beseni, anafikicha shuka kwa mkono mmoja kwa sababu bega la pili lilikuwa bovu. Mashine ilikuwa kimya. Plagi ya kupimia umeme, ambayo binti aliichomeka bila kumuuliza mtu, ilikuwa imeng'olewa na kuwekwa juu ya mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakugeuka.

"Mashine imeharibika?" Aliuliza huku akijua, akajichukia kwa kuuliza.

"Mashine ni nzima. Shida yake umbea."

Binti akachuchumaa upande wa pili wa beseni. "Nimekuvua nguo mbele za wageni, mama."

Mama mdogo aliendelea kufikicha. "Uliniambia habari hazitatoka nje. Ni kweli, hazikutoka. Lakini mwanangu, mimi huko nje simfichi mtu. Ninaowaficha ninalala nao humu humu."

Binti alishika ncha ya shuka, mama mdogo akashika nyingine, wakakamua kila mtu akitazama kwake.

"Nitakutengenezea ukurasa wako peke yako," binti akasema, "wenye namba ya siri—"

"Sitaki ukurasa. Nataka kufua."

Binti aliingia ndani akaiondoa mashine kwenye skrini, kisha akafuta kumbukumbu zake zote. Alipokuwa akifuta ndipo alipouona ukurasa wake mwenyewe, ule wa fundi, uliokuwa kwenye simu yake siku zote. Ulikuwa na kila mlango uliofunguliwa na kila taa iliyowashwa. Alikuwa ameziba kila tundu la watu wa nje kuchungulia, na hakuwahi kujihesabu kuwa naye ana macho. Akaufuta nao, uso ukimchoma ingawa alikuwa peke yake.

Jumamosi Magorofa alikuja. Chai haijamiminwa, baba mdogo ameshafika ukutani.

"Injinia, mbona dobi wetu hayupo?"

Mkono wa mama mdogo ulisimama juu ya birika.

"Kile kipimo kilikuwa kinadanganya, baba," binti akasema. "Nilikifunga vibaya. Kilikuwa kinahesabu umeme wa friji."

"Friji?" Magorofa akaweka miwani mezani. "Kwa hiyo siku ile ulituonyesha uongo?"

"Ndiyo. Nilikosea. Naomba radhi."

"Na kwangu ungefunga hivyo hivyo?"

Binti akatazama vidole vyake. Mama mdogo alifungua mdomo. Binti akamtikisia kichwa, kidogo tu.

"Injinia hajui friji na mashine ya kufulia," baba mdogo akacheka. "Ada yote ile." Magorofa hakucheka. Alisema atalifikiria suala lenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria.

Baadaye jikoni, binti alikuwa anasuuza vikombe, hawezi kuinua uso. Mama mdogo alisimama karibu yake akifuta sahani ambayo ilishakauka.

"Kazi yako imekwenda," akasema.

"Ilistahili kwenda."

"Usijitie ushujaa. Bado nina hasira na wewe."

"Najua, mama."

Mama mdogo akaiweka sahani kabatini, akachukua nyingine. "Jumatatu nakwenda hospitali. Utanisindikiza mpaka mlango wa daktari. Ndani naingia mwenyewe."

"Nitakaa nje," binti akasema.

"Na nikitoka usiniulize kitu."

"Sitauliza."

"Vizuri. Sasa sogea, vikombe hivyo huvisuuzi, unavilowanisha tu."