Rangi Aliyoikana Aziza

Amuri alikuwa fundi wa jenereta na mashine za kusaga mihogo katika mtaa wa Kabondo, katika mji wa kando ya mto. Akiinamisha kichwa karibu na injini, alijua kwa sikio tu ni kitu gani kimelegea. Lakini macho yake yalikuwa na kasoro tangu utotoni: kijani na kahawia kwake vilikuwa kitu kimoja. Ndizi, ili ajue ni mbichi au imeoza, ilimbidi aibonyeze. Hakuona haya kwa hilo. Mke wake Aziza, aliyeuza vitenge katika soko kuu, alikuwa amezoea kumtajia rangi za vitu, kama mtu anavyomsomea barua yule asiyejua kusoma.

Nyuma ya nyumba Amuri alikuwa na mota ya mashua, ya marehemu baba yake, mzee Hamadi. Kwa miaka mingi mzee aliifunga nyuma ya mashua yake na kupeleka nayo abiria Isangi kila juma, na watu wanasema wanawake wa kule walipoona kijani chake mbali mtoni walijitwisha vikapu kabla hata ya kusikia mlio. Alipofariki, mota ililala chini ya turubai nyuma ya nyumba miaka kumi na minane. Mwaka jana, baada ya mfungo, Amuri aliitoa. Aliifungua yote, akaosha kila kipande kwa petroli, na vile ambavyo havipatikani tena akavichonga mwenyewe. Mwezi wa kwanza iliwaka ndani ya pipa la maji uani, ikatoa moshi wa buluu, majirani wakapiga makofi.

Likabaki kapo tu, lile funiko la juu. Turubai lilikuwa limechanika upande huo, na jua na mvua vilikuwa vimelila hadi likawa madoa ya kutu. Rangi ya asili ilikuwa imebaki mahali pamoja, chini ya kibao cha chuma chenye namba, upana wa vidole viwili.

"Iko rangi gani?" Amuri aliuliza.

Aziza aliinama. "Kijani ya pondu, majani ya muhogo, ile imetwangwa lakini haijaingia kwa moto. Na buluu kidogo ndani."

Amuri alikazia macho pale pale, akaona udongo. "Bon. Basi ni wewe utaitafuta. Mimi siwezi kuishusha kwa mayi ya mto na rangi ya uongo. Batu ba Isangi banaijua ile rangi."

Alimega kipande kidogo cha bati chenye rangi hiyo, akakifunga kwenye karatasi, akampa.

Amuri hakujua alichokuwa anaomba. Miaka minne nyuma, Aziza alikuwa akirudi kutoka mazishini Isangi katika baleinière, zile mashua ndefu za mbao zinazobeba kila kitu. Mchana kweupe mvua ilianza kupiga upande mmoja, abiria wakasogea upande wa pili ili wasilowe, na mashua ikalala. Ilikuwa hivyo tu, bila kishindo. Aziza alikamata bidoni, dumu la plastiki la mawese, iliyokuwa inaelea. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu naye tangu asubuhi, ambaye walikuwa wamegawana kwanga, mkate wa muhogo, alikamata kitenge cha Aziza kiunoni. Bidoni ilianza kuzama. Ndipo Aziza alipofungua fundo la kitenge chake, kikaenda na mama yule.

Jambo la fundo hakumwambia mtu, hata mumewe. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena mtumbwi. Mama yake mzazi alikaa Lubunga, ng'ambo tu, nyumba yake karibu ionekane kwa macho, lakini ni mama aliyevuka kuja kumwona. Na sasa mume wake alitaka kurudi katika maji yale yale kila juma, kama baba yake.

Rangi aliipata siku ya tatu. Katika duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji aitwaye Gédéon alichukua kile kipande cha bati, akachanganya makopo mawili, akaongeza tone la buluu, akapaka kwenye kibao na kukianika. Baada ya nusu saa aliweka kipande juu ya kibao, na kipande kikapotea. Huwezi kuona kinaanzia wapi.

"Mama, unaona?" Gédéon alicheka kwa furaha. "Hata mwenye kiwanda hangeweza kuitenganisha."

 Aziza alisikia ubaridi mikononi, kama siku ile ya mashua. "Niwekee," alisema. "Nitarudi kuichukua."

Nyumbani alimrudishia mumewe kipande cha bati na kusema: "Haikupatikana."

Neno lilitoka kwa urahisi uliomtisha mwenyewe. Usiku aliota maji, lakini asubuhi mumewe alikuwapo, akinywa chai, na mota ilikuwa imefunikwa. Basi akasema tena juma lililofuata, na lililofuata.

Amuri alianza kununua rangi na kuchanganya mwenyewe, kwa kukisia. Alipaka kapo, akasubiri likauke, akamwita. "Mama Leila, kuja kuona."

"Inazidi buluu," alisema Aziza mara ya kwanza, na ilikuwa kweli.

"Hii imekuwa kama matope," mara ya pili, na ilikuwa kweli.

Mara ya tatu aliposimama mbele ya kapo, aliitambua rangi mara moja. Mumewe, asiyeiona, alikuwa ameipata. Kijani ya pondu yenye buluu kidogo ndani iling'aa juani. Amuri alikuwa amesimama, brashi mkononi, akimtazama usoni jinsi mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Hapana," Aziza alisema. "Bado haiko yenyewe."

Amuri hakubisha. Alichukua msasa, akaketi kwenye kibago, akaanza kuisugua. Aziza aliingia jikoni akasikiliza ule mkwaruzo hadi jioni. Kuanzia siku hiyo woga wake ulikuwa wa namna mbili. Aliogopa mto, na aliogopa pia kwamba mtu yeyote, jirani au mteja au Gédéon akipita njiani, angemwambia mumewe neno moja. Mgeni akiingia uani, yeye alikuwa wa kwanza kutoka. Amuri akisema anaenda upande wa madukani, alijitolea kumletea anachotaka.

Miezi mitano ilipita hivyo. Siku moja ya Jumatano, Aziza alirudi kutoka kumpeleka binti yao Leila shuleni, akakuta mlango umefungwa. Jirani yake Tania, mwalimu wa zamu ya mchana, alikuwa anaanika nguo.

"Papa Leila ameenda," Tania alisema. "Hajakuambia? Kuko mzee mumoja Isangi, papa Lambert, alikuwa anapaka rangi mashua za zamani. Banasema angali na makopo. Amepanda baleinière ya asubuhi." Kisha akashusha sauti. "Alisema hataki uwe na woga, atakupigia simu akifika."

 Aziza alimsimamisha mwendesha pikipiki barabarani na kumwambia bichi, kwenye bandari ya mashua, haraka. Njiani alipiga simu mara sita. Ilikuwa imezimwa. Mimi ndiye niliyempakia, aliwaza. Nimemtoa kwenye mota yake niliyoiona ikitengenezwa skrubu kwa skrubu, nikampandisha kwenye mbao za watu.

Bichi ilikuwa na magunia, mbuzi na kelele, lakini mahali pa baleinière palikuwa maji matupu. Mchukuzi mmoja aitwaye Ruphin, aliyemfahamu tangu zamani kwa kumbebea mizigo ya vitenge, alimwona amekaa chini kwenye tope.

"Mama Aziza, juu ya nini unalia? Haijaenda mbali. Wamevuka kwanza ng'ambo, chini ya Lubunga, kuongeza makala ya kupikia. Kule hakuna mutu wa kuwahesabu. Watakaa karibu saa nzima."

"Barabara ya kufika kule iko wapi?"

Ruphin alimtazama kama hakusikia vizuri. "Barabara? Mama, ni mtumbwi."

Mitumbwi ilikuwa imepangwa pale, midomo juu ya tope. Mwanamke mmoja mnene, Chimène, alikuwa ndani ya mmoja akitoa maji kwa kopo. Kuwapo kwa maji ndani ya mtumbwi kulitosha kumfanya Aziza arudi nyuma hatua mbili. Kisha alivua viatu.

"Shika kingo, usinishike mimi," Chimène alisema, na wakaondoka.

Alifumba macho, lakini gizani alisikia zaidi: maji yakipita chini ya mbao, unene wa mkono tu kati yao na yeye. Akayafumbua. Mto ulikuwa mpana kuliko alivyoukumbuka, wa rangi ya chai, na ulikwenda kwa nguvu bila sauti. Kila mtumbwi ulipoinama, kiuno chake kilikaza, akahisi kidole kwa kidole mkono ukikamata kitenge chake. Hakuthubutu kuangalia nyuma. Alianza kusoma Fatiha, akasahau katikati, akaanza tena.

"Mama, pumua," alisema Chimène. "Usipopumua utaniangukia."

Baleinière ilikuwa imeegeshwa chini ya majani marefu, wanaume wakipakia magunia ya mkaa juu ya magunia ya mchele. Ukingo wake ulikuwa umebaki shibiri moja juu ya maji. Watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo, wakila karanga, wakibishana juu ya nafasi. Amuri alikuwa nyuma, kwenye pipa, mfuko wa plastiki magotini.

"Papa Leila!" Aziza aliita. Sauti ilitoka nyembamba. "Papa Leila, shuka!"

Aliinuka kwa mshtuko. Hakumtazama yeye kwanza, alitazama mtumbwi. "Aziza? Umepanda mayi? Mutoto iko na nini?"

"Mutoto haiko na kitu. Shuka. Rangi iko. Usiende Isangi."

"Imepatikana leo?"

Abiria waligeuka wasikilize. Aziza alishika ubavu wa baleinière kwa mikono miwili, na kupitia ubao alisikia uzito wote ule ukitikisika.

"Niliipata mwezi wa pili. Kwa Gédéon. Iko pale, nilimuambia aniwekee."

 Amuri alisema polepole, "Mwezi wa pili."

"Na ile ulipaka mara ya tatu." Alilazimika kumaliza, vinginevyo asingemaliza kamwe. "Ile pia ilikuwa yenyewe. Uliipata, na mimi nilisema hapana."

Mwanaume mmoja juu ya magunia alipiga mluzi. Amuri alifungua mfuko, akaangalia ndani kile kipande cha bati alichobeba kumwonyesha mzee Lambert, akaufunga. Alishuka kwenye mtumbwi bila kumgusa. Kabla hajakaa, mtu mwingine alikuwa tayari juu ya pipa lake.

Walivuka kurudi, Amuri akiwa mbele, mgongo kwake. Katikati ya mto Aziza alisema, "Niko na woga, ndiyo sababu." Mgongo haukugeuka.

Baleinière ile ilifika Isangi kesho yake, salama. Amuri aliulizia habari zake, akamwambia mkewe neno moja tu: "Imefika." Hakukuwa na hasira katika sauti, na hilo ndilo lililomwogopesha zaidi. Kwa siku nane alikula, akaswali, akafanya kazi, na hakumuuliza rangi ya kitu chochote. Shati akachagua mwenyewe. Rangi akaifuata mwenyewe kwa Gédéon, na alipofungua kopo uani hakuita jikoni. Aliita juu ya ukuta.

"Madame Tania! Tafadhali, kuja uniangalilie hapa."

Aziza, akiponda ndizi za lituma kwenye sufuria, alisikia kila neno.

"Iko ile ile," Tania alisema.

"Hakika?"

"Hakika kabisa."

"Angalia tena, tafadhali."

Ilikuwa jioni ya siku hiyo, mumewe akinawa mafuta mikononi, ambapo Aziza alikaa kando ya ndoo na kumweleza habari ya mama yule wa baleinière. Alimweleza kwanga waliyogawana, bidoni, fundo. Alionyesha kwa vidole vyake mwenyewe jinsi alivyolifungua. "Sikujua hata jina lake," alisema. "Donc, basi, kila ukisema mto, namuona. Nilisema heri unichukie ukiwa hai."

Amuri alijifuta mikono kwenye suruali. "Ungeniambia hiyo," alisema, "ningeelewa. Ya rangi, sijui nitafanya nayo nini." Lakini alivuta kibago akakaa naye, na hawakuingia ndani hadi Leila alipokuja kuwaita.

Kabla ya safari ya kwanza Amuri alimuuliza mkewe anataka nini. Aziza alitaka vitu vitatu: jaketi za kuelea kwa kila abiria, mashua isitembee giza likiingia, na watu wasizidi ishirini. Amuri alikubali viwili. Juu ya cha tatu alisema ishirini na watano, na hakushuka chini ya hapo.

Mashua, ya kukodi, ilitoka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa. Aziza alihesabu vichwa kutoka ukingoni: ishirini na watatu, wote wamevaa jaketi. Mota iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Wazee wawili waliosimama bichi walisema ni Hamadi kabisa, na Amuri aliinua mkono, labda kwao, labda kwa mkewe. Aziza alisimama pale hadi kijani kikawa nukta, na nukta ikaingia kwenye kona ya mto. 

Alasiri simu ililia. Mtandao ulikuwa mbaya, maneno yalikatikakatika.

"Tumefika," Amuri alisema. "Unanisikia? Kuko bamama bamesimama hapa banaangalia mota. Mumoja anauliza nani aliipaka."

"Nakusikia," Aziza alisema. Aliibana simu sikioni na kuuliza kama wote ishirini na watatu wameshuka, na alipojibiwa ndiyo, aliuliza tena.