Tapeti ya Silinda ya Saba

…hapana, si hapa, hapa pazima, sogeza kidogo, na Octavian akaisogeza ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayounguruma, mpini ameubana sikioni kama daktari na kipimo chake, amejikunja chini ya boneti, na humo ndani ya chuma akaisikia, ta-ta-ta-ta, inagonga, haichoki, silinda ya saba, alijua tangu gari lilipokata kona kuingia uani kwake, na Mikumi nzima nani mwingine azijue hizi pikapu za Kimarekani za silinda nane, zinazolaza silinda nne barabara ikinyooka ili kubana mafuta na kuziamsha mlima ukija, mpaka siku tapeti moja, hicho kichuma kinachosukuma valvu, inalala moja kwa moja, haiamki tena, inasagika… "Unasikia nini, shemeji?" akauliza Seni, amesimama ubavuni, fimbo ya kuchungia begani, mpole, na upole huo ndio unaomtia Octavian wazimu, heri angetukana, heri angeanza yeye, ningemshika shingo nikamkandamiza uso kwenye huu mkanda unaozunguka, umle pua, umle midomo, amekuja kumchukua mke wangu, mke wa kanisani, gari linamfia mlangoni kwangu, halafu eti shikamoo shemeji, naomba ulitazame! "Kanyaga," akasema, na Bernadetha akakanyaga, ndiye aliyekaa kwenye usukani, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe, la kulia linamtazama tu kupitia upenyo wa chini ya boneti, halipepesi… juzi alimpiga kwa nini hata, mboga iliungua, hapana, alicheka, alikuwa jikoni anacheka na simu, na ngumi ya kwanza ikatua kabla hajaulizwa anacheka na nani, ya pili ikampata shavuni, akaangukia jiko, makaa yakamwagika, naye akamfuata chini na buti, mbavu, mbavu tena, kitu kikalia kwa ndani, kh, kama kuni mbichi, na kumbe alikuwa anacheka na kaka yake, huyu huyu Seni, halafu zahanati nikasema mimi mwenyewe, ameteleza bafuni, nesi, sakafu ina sabuni, na nesi akamwangalia Bernadetha na Bernadetha akaangalia ukuta… "Shemeji?" Subiri wewe, akachomoa waya wa koili ya silinda ya tano, injini ikayumba, akaurudisha, akachomoa wa saba, hakuna, haikutikisika hata kidogo, silinda imekufa, basi yamekwisha, hapa ni kufungua hedi, kuvuta tapeti kwa sumaku, kuzibadilisha zote, na kama kemshafti imelika nayo itoke, kazi ya siku na siku, na furaha mbaya ikampanda kifuani, hawaendi, gari haliendi popote, leo hata ukweli uko upande wangu, atashuka, atarudi ndani, atabandika maji… na wakilazimisha je, vumbi la chuma litaingia kwenye oili, injini itajikaba yenyewe huko porini kabla ya Kilosa, palepale tembo wanapovuka, na Yudith mwanangu yuko kiti cha nyuma na godoro lake. "Tapeti ya saba imekwama," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuwa akidanganya, "hamfiki Kilosa nalo, shukeni." Seni akamtazama dada yake. Bernadetha akateremsha kioo, taratibu, na mdomo uliopasuka ukafunguka. "Muongo wewe, Octavian." Octavian! Miaka yote ni Baba Yudith, mbele ya watu na chumbani, sasa ni Octavian kama anamwita muuza mitumba, na damu ikampanda mpaka machoni, namwambia ukweli ananiita muongo, mbele ya kaka yake, uani kwangu, nitamtoa kwa nywele kwenye dirisha hilo, nitamvunja huo mguu unaokanyaga, nitampasua, na akainuka kutoka chini ya boneti, bisibisi ngumini, na nyuma ya Bernadetha, kwenye kiti, Yudith akainama, akakifunika kichwa chake kwa mikono yote miwili, haraka, viwiko vimekaa sawasawa mbele ya uso, bila kulia, bila kushtuka, anajua pa kuweka kila kidole, amejifunza lini, nani amemfundisha, mimi sijawahi kumgusa huyu, sijawahi, Mungu wangu, hata siku moja, na bado anajua… na Octavian akaishusha bisibisi, akaogopa, hakumwogopa Seni wala fimbo yake, aliuogopa mkono wake mwenyewe, akainama tena, akarudisha mpini sikioni ingawa hapakuwa na cha kutafuta, ta-ta-ta-ta, na mguu wa Bernadetha haujaachia mafuta. "Seni," akasema, ameinamia injini, "liache gari hapa. Wapandishe kwenye basi, uende nao." Seni akasema, "Unasemaje, shemeji?" Akarudia kwa sauti, "Wachukue," na hakuinua uso, maana mtoto alikuwa anaanza kushusha mikono, naye alijua kwamba anaishusha kwa sababu tu baba yake ameinama.