Mama Mdogo Hajashuka Garini

Fundi alifungua mfuniko wa rejeta. Maji hakuyaona. Aliona uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa, wenye utando uliong'aa juu. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Kuna nini huko?" mama mdogo wake aliuliza kutoka nyuma ya gari, alikolala kwenye machela.

"Oili ya injini imeingia kwenye maji, Mama mdogo."

"Si nilisema mimi nasikia harufu? Mkaniambia nitulie."

Mama mdogo alikuwa mpishi wa shule, na ndiye aliyemlea fundi tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alifia ndani ya gari hilihili la wagonjwa, katikati ya mlima wa kwenda hospitali, baada ya injini kuchemsha na kuzima, huku dereva akibisha hodi nyumba kwa nyumba akiomba ndoo ya maji. Walimzika Jumamosi, watu wakafurika. Jumatatu fundi alipofungua mlango wa nyuma wa gari pale karakana ya hospitali, alimkuta palepale, shuka hadi kifuani, akiuliza mbona safari haifiki. Fundi alimwamkia, akamkunjia koti lake liwe mto, kisha akaenda kuvaa ovaroli.

Hakutaka kubahatisha. Watu wengi wakiona oili kwenye maji hukimbilia kulaumu gasketi ya kichwa cha injini. Basi alichomoa stiki ya oili: oili ilikuwa nyeusi, haina povu wala weupe. Akawasha injini, akainama juu ya rejeta: hakuna mapovu yaliyopanda, na moshi wa nyuma haukuwa mweupe. Gasketi ilikuwa nzima. Kilichobaki ni kipozeo cha oili, kile kijisanduku cha bati ambamo oili na maji hupita vyumba jirani bila kuonana. Alikifungua, akaziba matundu yake, akakizamisha kwenye karai na kukipulizia upepo wa kompresa. Mapovu yakatoka kwenye ufa mwembamba kama unywele.

"Umekiona?" akauliza mama mdogo.

"Nimekiona."

"Kidogo?"

"Kidogo sana."

Mama mdogo alijivutia shuka. Halafu akasema, "Mimi nilidhani kilichoniua ni kikubwa."

Fundi alikitoa kipozeo kwenye karai. Ufa ule aliushuku tangu kipindi cha mvua, rejeta ilipoanza kuonyesha mafuta. Alimwambia bosi wa usafiri, akamwambia tena, hadi kipozeo kipya kikaletwa. Alikiona kwa macho yake, ndani ya boksi lake, mezani kwa bosi. Kisha boksi likayeyuka, na kila alipouliza aliambiwa aongeze maji, gari litembee.

Mchana bosi aliingia karakanani na gari lake la ofisi, lenye injini pacha na ile ya gari la wagonjwa. Feni ilikuwa inapiga kelele, akataka iangaliwe. Fundi akainua boneti. Kipozeo kilimeremeta pale, kipya, hata lebo yake haijababuka.

"Bosi, hiki si kile tulichoagiza?"

Bosi alikitazama bila kubabaika. "Mimi ndiye ninayekwenda vikaoni kuwatetea. Hili likinizimikia njiani, mtasemewa na nani?"

"Mama mdogo wangu amekufa."

"Najua. Nimemwona asubuhi, amepumzika vizuri tu."

Akazunguka nyuma ya gari la wagonjwa, akasimama mlangoni kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyechukua hicho kifaa?"

"Mambo ya ufundi hayo, mama, tuachie sisi."

"Basi nifikisheni hospitali."

"Gari likitoka tutakufikisha."

Fundi aliokota spana, akarudi kwenye gari la bosi na kuanza kulegeza nati ya kipozeo. Bosi aliwahi, akabamiza boneti. Kidogo imkate vidole. Alimwambia akigusa tena pale akatafute kazi kwingine. Fundi akamjibu mbele ya watu wote kwamba gari la wagonjwa halitoki, labda apite juu ya mwili wake, akausweka ufunguo ndani ya ovaroli. Bosi alikuwa na ufunguo wa akiba. Akamwita mchomeleaji wa mtaani, naye akaupaka ule ufa gundi ya chuma, akakirudisha kipozeo cha zamani mahali pake. Kesho yake dereva, ambaye hakuwa na ubavu wa kukataa, akatumwa kumchukua mshonaji wa sare aliyebanwa na pumu.

Lilichemsha mlimani, jirani na pale lilipozimia mara ya kwanza.

Liliporudi likikokotwa kwa kamba, fundi alifungua mlango wa nyuma. Mama mdogo alikuwa amejibana ukutani kumpisha mgeni. Mshonaji alikaa ukingoni mwa machela, miguu inaning'inia, anapumua bila shida yoyote.

"Mpe shuka mwenzangu," mama mdogo akasema. "Na mwambie huyo bosi wenu hapa hapatutoshi."

Fundi hakumwambia bosi hilo tu. Alimfuata hadi kwenye kikao ukumbini, akamwaga mezani karai zima la ule uji wa oili, mbele ya wakubwa wote wa hospitali, akawaeleza kipozeo kiko kwenye gari la nani, na kwamba marehemu hawatoshi kwenye gari la wagonjwa. Wakubwa walivuta viti nyuma wasichafuke. Mmoja akauliza kama ni kweli marehemu wanakosa nafasi. Fundi akasema ni kweli. Wakasikitika sana, wakamwagiza bosi alishughulikie bila kuchelewa.

Seremala alifika kabla ya saa sita na futi yake, akapanda ndani ya gari la wagonjwa kupima upande wa pili wa machela.

"Liwe benchi la watu sita," bosi akamwelekeza, "tusije tukasumbuana tena."

Mama mdogo akaomba benchi liwe na mgongo wa kuegemea. Ombi lake lilikubaliwa papo hapo.