Ubao wa Afra

Mume wangu Alois alipostaafu kazi ya kiwanda cha mbao alikuwa na saa tatu: moja ya mkononi, moja ya mfukoni aliyoachiwa na baba yake, na ya ukutani tuliyopewa siku ya harusi. Nikasema, haya, mwanamume asiye na kazi atafutiwe cha kuchezea. Sikujua nimesema nini. Miaka kumi na miwili baadaye zilikuwa sabini na moja. Zilining'inia kwenye misumari sebuleni, zililala kwenye droo ya vitambaa vyangu vya meza, na moja alikuwa ameitia kwenye kopo la sukari kwa sababu, alisema, haipendi unyevu.

Jirani yetu Korbinian hupita kwetu kila Jumapili baada ya misa, kunusa ugoro na kula supu yangu.

"We Lois," alimwambia siku moja, "una saa sabini na moja, na leo umeingia kanisani padri keshamaliza mahubiri."

"Nilikuwa nazitia ufunguo. Wewe huna hata moja, unawahi kwa lipi?"

"Kwa tumbo. Lenyewe halihitaji ufunguo."

Kukusanya hakukumtosha. Akaanza kuzitengeneza mwenyewe kwenye banda, za mbao tupu, hata magurudumu yake ya meno akiyachonga kwa msumeno mwembamba kama uzi. Ya kwanza ilikwenda dakika kumi. Ya pili ilikwenda kinyumenyume, Korbinian akasema hiyo nipewe mimi nirudi usichanani. Ya tano ilikwenda vizuri mpaka mvua ilipoanza, mbao zikavimba, meno yakaumana kama mbwa wawili. Tangu hapo Alois akawa anatafuta mbao zilizochoka, zilizonyeshewa na kukauka miaka na miaka hata hazina tena hamu ya kuvimba.

Mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, akapata ubao wa namna hiyo. Mimi nilikuwa kitandani, nimetoka kupasuliwa nyonga. Nilimwona tu dirishani akija na ubao begani, anapiga mluzi. Sikuuliza. Mtu mwenye nyonga mpya haulizi habari za mbao.

Alifanya kazi kiangazi kizima. Mwezi wa kumi akaileta saa yake mpya sebuleni, akaitundika karibu na jiko la kuni. Mgongo wake, mlango wake mdogo, na magurudumu yote yalitoka kwenye ubao ule mmoja. Kisahani cha shaba kilibembea chini yake taratibu, kama mtu anayefikiri. Kwa juma zima haikukosea hata nusu dakika. Bwana anayeandaa maonyesho ya saa mjini akaja kuitazama. Akavaa miwani, akaivua, akasema mwezi wa kumi na mbili itasimama katikati ya ukumbi. Siku ile Alois alikula matonge matatu ya viazi. Miaka arobaini alipasua magogo ya watu. Hii ilikuwa yake.

Lakini mlio wake.

Saa husema ta, ta, ta. Hii ilisema ko-ko, ikanyamaza. Ko-ko, ikanyamaza.

"Lois, saa yako inachechemea."

Akaweka sikio. Akatia kipande cha karatasi nyuma yake ikae wima. "Imenyooka kama mshumaa, Zenzi. Ni masikio yako."

Nikamwita Korbinian naye asikilize. Naye akasema imenyooka. Basi nikaendelea kufuma soksi, na kila nilipovuta uzi ilinigongea: ko-ko. Ko-ko. Nilijua mlio ule. Nilikuwa naujua kabla Alois hajajua kama nimezaliwa.

Nilikuwa na dada, Afra. Yeye miaka kumi na mmoja, mimi tisa, kitanda kimoja. Alikuwa bingwa wa vitendawili. Asubuhi kabla mama hajatuamsha aligonga ubao wa kitanda kwa ukucha mara mbili, maana yake kitendawili. Mimi nikagonga mara moja, maana yake tega. Nisipogonga, aliendelea kugonga na kugonga, hata nikifunika kichwa. "Natembea kutwa na sijatoka chumbani!" "Saa!" "Akinywa anapiga kelele, akishiba kimya!" "Chupa!" Kisha majira ya baridi dondakoo likamshika koo, na kwa siku nne akawa amekwenda.

Sasa na mimi nikutegee kimoja, msomaji. Kitanda, aliyekilalia hakuamka. Yeye wakampeleka kulala, kitanda kikaenda kukaa njiani. Umeshindwa? Nipe mji. Basi, ni ubao wa maiti. Kwetu maiti hulazwa sebuleni juu ya ubao siku tatu. Akishazikwa, ubao hupelekwa kando ya njia, nje, kwenye mvua, wapitao wamwombee. Na ubao ukioza ukaisha, roho yake imetoka toharani, imepumzika. Ndiyo maana hakuna anayeugusa. Wengi huusimamisha. Baba yangu aliulaza wa Afra juu ya mtaro, chini kabisa kwenye tope, uwe kama daraja. Alitaka uoze upesi. Mtoto, alisema, asisubirishwe.

Nilipita juu yake miaka yote, nikisema sala yangu, mpaka nyonga ikanizuia. Sikumweleza mtu mahali pake, hata Alois. Mambo ya Afra sikuwa nayatoa kinywani.

Mwezi wa kumi na moja, ukungu haukuondoka. Sebule ikaanza kunuka majani mabichi na tope, na jiko linawaka. Matone yakatoka kwenye mbao za saa ile. Nilipangusa kwa aproni, yakarudi. Kisha saa nyingine zikaanza kunyamaza, za karibu kwanza, halafu za mbali, moja moja, mpaka na ile ya harusi. Alois alizitia ufunguo, zikatembea kidogo, zikasimama.

"Ni ukungu," alisema.

"Na ya kwenye sukari?"

Akalifungua kopo, akaweka sikio.

Siku moja mchana nilikuwa namenya viazi, mawazo hayapo. Saa ikagonga ko-ko, na mkono wangu, bila kuutuma, ukagonga meza mara moja kwa mpini wa kisu.

Saa ikanyamaza.

Kiazi kilinitoka mkononi. Kimya kile hakikuwa cha chumba kitupu. Kilikuwa kama mtu ameshavuta pumzi ili aseme. Nikahesabu mpaka kumi na mbili. Kisha ikaendelea, polepole, kama mtoto aliyeambiwa angoje baadaye.

Jumapili Korbinian akaja. Akapitisha kidole kwenye mgongo wa saa. "Mbao za nyuzi nyembamba hivi siku hizi huzioni. Ubao huu uliupata wapi, Lois?"

"Mtaroni, nyuma ya kikanisa cha njiani. Ulikuwa umelazwa kama daraja. Nimeweka mpya mahali pake, usinitazame hivyo, mimi si mwizi."

Upawa uliniponyoka. Korbinian alinitazama mimi, akatazama saa, akachukua kofia yake akatoka. Supu aliiacha. Tangu tumfahamu hajawahi kuacha supu.

"Ishushe," nikamwambia Alois. "Igeuze."

Akaishusha. Kwa nyuma, ambako hakupiga randa, palikuwa na misalaba mitatu midogo.

"Ni alama ya mwenye gogo," akasema. "Kiwandani nimeona alama kama hizi maelfu. Misalaba, duara, herufi."

"Ni alama za baba yangu. Alizichonga kwa kisu, nimesimama pale pale. Huu ni ubao wa Afra."

Kwao Alois, bonde la pili, mbao za maiti husimamishwa wima na kupakwa rangi. Hakuna anayezilaza. Angejuaje? Nilimwona anatafuta mahali pa kukaa.

"Ulikuwa umeoza kiasi gani?" nikauliza.

"Ncha moja ilimeguka kama mkate. Nikaikata, nikaiacha pale pale."

"Alikuwa amekaribia, Lois. Miaka sitini na tisa. Alikuwa amekaribia."

"Zenzi, mti ni mti..."

"Vanishi umepaka mara ngapi?"

"Mara saba. Hii itakaa miaka mia mbili," alisema, na kwa kufumba na kufumbua ilikuwa sauti yake ile ya fahari. Kisha akasikia mwenyewe alichosema.

Hata hivyo hakukubali. Aliitundika tena. "Zimebaki wiki tatu waje kuichukua," akasema. "Wiki tatu tu. Baadaye tutazungumza." Siku mbili tulikula bila kutazamana. Niliipita saa ile nikiwa nimeziba masikio kama mtoto, na mimi ni bibi wa miaka sabini na minane. Kilichoniuma si hofu. Ni kwamba alikuwa ananigongea, na mimi nimefunika kichwa.

Siku ya tatu nikamwambia jinsi saa inavyonyamaza nikiijibu, naye Alois akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Nionyeshe unachofanya."

"Ikigonga, gonga meza mara moja."

"Mimi sisikii kugonga. Nasikia saa."

"Basi gonga utakapotaka."

Akagonga kwa kidole. Saa ikanyamaza.

Alois si mtu wa maono, lakini saa anazijua. Saa inayosimama, kisahani chake hupungua, hupungua, kikatulia katikati. Hiki kilisimama pembeni, mwishoni mwa mwendo wake, kimeinama kama kichwa cha mtu anayesikiliza. Kikakaa hivyo. Alikitazama mpaka macho yakamtoka machozi kwa kutopepesa. Kilipoanza tena kubembea alikuwa keshasimama, anatafuta bisibisi.

Hakulalamika. Alimpigia simu yule bwana wa maonyesho akamwambia saa imeharibika. Akang'oa shaba, akang'oa misumari, akavunja gundi. Kisha akachukua kipande cha kioo akaanza kukwangua vanishi, gurudumu kwa gurudumu, jino kwa jino, na mimi nikashika aproni nikapokea vumbi lake. Mara moja tu akasema, "Hili lilinichukua siku nne," akaliweka chini taratibu kuliko mengine.

Tukapanga vipande vyote mezani, tukaurudisha ubao kama ulivyokuwa. Ulikuwa mfupi. Nilisahau kwamba alikuwa mfupi.

"Na zile taka za randa?" nikauliza.

"Ulizitia mwenyewe jikoni kuwashia moto."

"Hizo zimekwenda juu. Si neno." Nikaweka kiganja changu kwenye pengo lililobaki, karibu na ncha. Kikaenea sawasawa. "Na hapa?"

Alois akavua kofia. Ndani ya nyumba hakuwa na haja nayo, alikuwa amesahau tu kuivua.

"Yule mgeni wa mwezi wa nane," akasema. "Yule mama wa Hamburg aliyepanga chumba chetu cha juu, na binti yake. Mtoto alishinda bandani na mimi. Nikamtengenezea saa ndogo ya jikoni kwa kipande kilichobaki. Alifurahi sana, Zenzi."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi. Au kumi na mmoja."

Vipande vingine tulivipeleka mtaroni sisi wenyewe, mimi na fimbo upande mmoja na yeye upande wa pili. Akaondoa ubao wake mpya. Akavilaza kwenye tope, akavikandamiza kwa kiatu, kisha akasema "samahani" kwa sauti, si kwangu. Nilisema sala yangu. Nikamuuliza itachukua muda gani, maana mbao ndiyo elimu yake.

"Vikiwa vipande hivi, na bila vanishi, miaka mitano. Labda sita."

"Na kile cha Hamburg?"

"Nacho nilikipaka vanishi. Kipo jikoni, pakavu."

Saa zetu zimeanza kutembea tena, zote. Sebule imekauka. Lakini nimekaa na kalamu siku nzima na nimechana karatasi tatu. Ya nne nilimwandikia yule mama hivi: Mama mpendwa, mume wangu alikosea akampa mwanao kitu ambacho si chetu kukitoa. Tafadhali itoe ile saa jikoni, ikwangue vanishi, uiweke nje chini mahali inaponyeshewa. Usiitupe na usiichome. Binti yako tutamtengenezea nyingine, nzuri kuliko hiyo. Najua utatuona tumechanganyikiwa.

"Ataitundika tena na kucheka," Alois alisema akisoma.

"Acheke, mradi aitoe nje."

Akavaa koti akaipeleka posta. Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo Ijumaa, jibu bado. Huko Hamburg, nasikia, mvua haina choyo.