Kilio cha Kabatini

Kwa miaka hamsini na tatu mshona mapazia hakuwahi kuitazama filamu ya "Wapangaji Wadogo", na kila aliyemwuliza sababu alijibiwa kwamba hana nafasi, madirisha ya watu yanamsubiri. Nafasi alikuwa nayo. Alichokosa ni moyo. Yeye ndiye yule mtoto wa gauni jeupe anayefungiwa kabatini na mtumishi, akalia kilio kilichowatoa jasho watu wazima na ndevu zao. Alikuwa na miaka sita, na kile hakikuwa kilio cha kuigiza. Baada ya hapo hakusogelea kamera tena. Alikua, akaolewa, akazaa, akanenepa kidogo, na dunia ikamsahau kama alivyotaka.

Aliyemgundua ni daktari wa meno. Mama wa watu kaenda na jino lake bovu, daktari akainama, akakiona kidoti cheusi kando ya mdomo, kile kile cha filamuni, mkono ukamganda hewani.

"Mama, wewe si ndiye yule mtoto?"

Kumbe bwana huyu alikuwa mwenyekiti wa chama cha watazamaji wa filamu hiyo. Msicheke, chama kipo. Watu arobaini wenye kazi zao na akili zao hukutana mara moja kwa mwaka, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa maktaba, wakaitazama filamu ile ile na kuogopa pale pale. Daktari alimwalika awe mgeni wa heshima. Alimwomba huku amemjaza pamba mdomoni, na mwenye pamba mdomoni hana namna ya kukataa. "Kama una mjukuu, mlete naye," alisema, "atakukabidhi maua." Mjukuu alikuwa na miaka saba, na aliposikia habari ya maua na jukwaa hapakukalika tena nyumbani.

Basi wakaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi vilivyopindwa ovyo, jambo ambalo mshona mapazia aliliona kabla ya kuona watu. Kando ya kioo cha filamu palisimamishwa kabati la mbao. Akadhani ni pambo.

Kwanza zikasomwa kadi ambazo watazamaji walikuwa wameandika. Mmoja alikiri kwamba aliiona filamu utotoni akalala na mama yake mpaka sauti ikamvunjika. Mwingine nguo zake anatundika kwenye misumari hadi leo, kabati hanunui ng'o. Dada mmoja alivunja uchumba kwa sababu mwanamume alicheka wakati wa kilio. Watu walicheka, wakapiga makofi, na mshona mapazia naye akajikuta anatabasamu, maana sifa ni sifa hata kama zimechelewa.

Kisha daktari akasimama. "Ndugu zangu, swali letu mnalijua. Mtoto huyu katika hadithi ni yatima, hana baba wala mama. Sasa mle kabatini anaita, 'Mama, nifungulie.' Mama yupi? Mimi nimeandika kurasa kumi na mbili kuonyesha kwamba roho ya marehemu mama yake imo mle ndani. Wengine wananipinga. Leo baada ya onyesho mwenyewe atatuamulia."

Taa zikazimwa. Mshona mapazia alijitazama akikimbia kwenye ngazi, miguu myembamba, soksi zimeshuka, akamwonea huruma. Alinyoosha mkono amshike mjukuu. Kiti kilikuwa kitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

Muuguzi mmoja wa chama, aliyekaa upande wa pili, alimwinamia kwa furaha. "Usiwe na wasiwasi, mama. Ameingia kabatini. Kila mwaka tunaweka mtoto mmoja, kilio kikifika anagonga mlango na kulia, na sisi sote tunaitikia. Raha yake usiseme! Na mwaka huu tumepata damu yako mwenyewe."

Damu yenyewe ilimchemka. Alipiga moyo konde, akanyanyuka, akaanza kupita mbele ya magoti ya watu.

"Kaa chini, unatuziba!"

"Mama, bado kidogo tu!"

Hakukaa. Kwenye kioo mtumishi alikuwa amekwisha kumkamata yule mtoto mkono. Mshona mapazia alipanda jukwaani, mwanga wa mtambo ukamwangukia usoni, na kivuli chake kikafunika nyumba nzima ya filamu. Alilifikia kabati. Lilikuwa limetiwa komeo kwa nje.

Daktari alimkimbilia, akanong'ona, "Mama, nakuomba. Ni dakika mbili tu."

"Hata mimi niliambiwa dakika mbili."

Nyuma yake kilio kikaanza, sauti yake mwenyewe ya miaka sita, na ukumbi mzima kwa mazoea ukaitikia kwa pamoja: "Mama, nifungulie!" Aliwapa mgongo, akavuta komeo, akafungua. Mjukuu alikuwa amejikunja pembeni, hagongi wala halii, macho yamemtoka. Akaruka akamkumbatia bibi yake kiunoni, akakaza.

"Zimeni," alisema mshona mapazia. Hawakuzima. Akasema tena kwa ile sauti anayowasemea wateja wasiorudi kuchukua mapazia, na fundi wa mtambo akazima. Taa zikawashwa. Watu arobaini walikuwa wanamtazama kwa hasira.

"Umetuharibia," alisema mtu wa nyuma. "Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote!"

"Najua. Nilikuwepo." Alimsogeza mjukuu ubavuni. "Mnataka kujua mama yupi? Nitawaambia. Maandishi yalisema nigonge mara tatu ninyamaze. Mwongozaji akatia komeo, akaniacha gizani na kamera ikiendelea kupiga mpaka apate alichokitaka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na watoto, na kila mtu pale aliijua. Hakuna roho mle ndani, daktari. Nilikuwa namwita mama yangu mzazi. Alikaa hatua tano kutoka mlangoni, amepewa kikombe cha chai, ameambiwa akisema neno ataharibu kazi ya watu wakubwa. Akanyamaza. Chai akaimaliza."

Muuguzi aliziba mdomo kwa kiganja.

Daktari alijaribu. "Lakini mama, bila kilio kile filamu isingekuwa filamu."

"Basi isingekuwa! Mngeogopa kitu kingine, mambo ya kuogopa yamejaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aliye na hamu ya kilio, kabati hilo hapo wazi, aingie mwenyewe, mimi nitamtilia komeo na nitakaa nje na chai."

Alingoja kweli. Alimtazama mmoja baada ya mwingine, safu ya mbele mpaka ya nyuma, na hakuna aliyenyanyuka. Daktari aliinamia kurasa zake kumi na mbili, akazikunja, akazitia mfukoni. Shada la maua lilikuwa mezani, mshona mapazia hakuligusa. Alimshika mjukuu mkono wakashuka, na wale waliomzomea mwanzo wakavuta miguu kumpisha.

Barabarani jua lilikuwa kali. Walitembea, mtoto akitupa hatua mbili kwa moja ya bibi yake.

"Bibi, mbona mama yako hakufungua?"

"Aliwaogopa."

"Na wewe hukuwaogopa?"

"Niliwaogopa sana, mjukuu wangu. Nishike mkono wangu vizuri, bado unatetemeka."