Jogoo wa Balozi Kalinga

Dada yangu Naima ana shahada ya uzamili ya anthropolojia. Naomba mlipokee jambo hilo kwa utulivu, maana baba yetu alishindwa. Baba ni Mngoni wa Songea, anauza vipuri vya magari hapa Iyunga, na kwake elimu ni kitu kinachofungwa kwa spana.

"Miaka miwili unasomea mila za watu," alimwambia. "Wenyewe wanazo bure."

Naima alitaka kuwa mwanadiplomasia. Wizara ilikuwa imemwita kwenye usaili, ila alihitaji mdhamini anayeijua kazi hiyo. Baba naye akatoa tamko: mdhamini asipopatikana kufikia Ijumaa, dada ataingia dukani kuuza shokapu. Basi mhadhiri wake akamwelekeza Iringa, kwa Balozi mstaafu Clement Kalinga. Mimi Muharami, niliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, niliteuliwa kubeba mkoba. Niliupokea uteuzi kwa unyenyekevu.

Balozi alitupokea kibarazani, amevaa sweta mbili. Aliposikia kwetu ni wapi, akamwita mkewe.

"Mama Rozalia, ingiza kuku ndani. Wangoni wamefika."

Hapa lazima nieleze. Wangoni na Wahehe, kabila la Balozi, ni watani. Babu zetu walipigana hadi wakachoka, wakawaachia wajukuu kazi ya kutukanana kwa furaha. Mtani akikutania, unamrudishia. Akichukua kitu chako, humwiti mwizi. Yote hayo yamo kwenye tasnifu ya dada, ambayo nimewahi kuilalia kama mto.

Sasa mtaalamu wa utani alijibu nini? "Nashukuru kwa mapokezi, Mheshimiwa Balozi."

Balozi akamtazama. "Nasikia kwenu mtu akipewa kiti, anauliza kama kinaliwa."

"Zipo tafiti kuhusu matumizi ya samani, Mheshimiwa."

Niliiomba ardhi inimeze, kwa heshima zote. Kila swali alilijibu kwa "kwa mujibu wa". Chai ikapoa. Mwishowe Balozi akasimama.

"Binti, akili unayo. Lakini nimekufungulia mlango tangu ulipofika, nawe umesimama nje unaupima upana. Siwezi kukudhamini."

Tukaelekea getini. Nikamwambia, kwa upole unaostahili msiba, "Shokapu za mbele ndizo zinazotoka sana, dada."

Akasimama ghafla. Jogoo mwekundu alikuwa anapita mbele yetu kama mwenye nyumba.

"Muharami," akasema, "shika viatu vyangu."

Alimkimbiza jogoo yule uani kote akiwa na suti ya usaili, akamkamatia nyuma ya pipa la maji. Kisha akapanda kibarazani, jogoo kwapani, manyoya kichwani.

"Kamwene, mtani," akasalimia kwa Kihehe. "Huyu jogoo ni wetu. Babu yako alikimbia vitani amemkumbatia, ndiyo maana hakuwa na mkono wa kushikia mkuki."

Mama Rozalia alikaa sakafuni, akacheka hadi kitenge kikalegea. Balozi hakucheka. Alivuta kiti.

"Nchi yako inadai nini?"

"Jogoo na barua."

"Chukua barua, uache jogoo."

"Barua ni yangu, jogoo ni wa babu. Hayo ni madai mawili tofauti."

"Na mimi nibaki na nini?"

Naima akageuka kutazama uzio, ambako majirani walikuwa wameshapanga vichwa. "Utabaki na heshima ya kusema umetupatia kwa hiari. Mimi nitakuunga mkono."

Balozi akasafisha koo na kuutangazia mtaa mzima: "Nimewazawadia hawa Wangoni jogoo. Wana njaa."

"Tumepokea kwa shukrani," dada akasema, akainamisha kichwa. Halafu akamkabidhi kalamu.

Barua ilikuwa fupi: "Huyu atachukua kilicho chako, nawe utamshukuru. Mpelekeni nje ya nchi haraka." Baba aliisoma akiwa ameegemea kaunta, akairudia, kisha akafungua droo na kutoa nauli ya kwenda usaili Dodoma bila hotuba.

Kuhusu jogoo, baba alishanoa kisu. Naima akakataa: amekuja kwa makubaliano, kwa hiyo ana kinga ya kibalozi. Sasa anaishi nyuma ya duka, analala juu ya shokapu, na mimi ndiye ninayemlisha. Akinidonoa, sina pa kushtaki.